Redio Amepona

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye cheti tu. Watu walimwita Redio, na waliompa jina hilo hawakukosea. Alikuwa mpiga mnada katika yadi moja nyuma ya maegesho ya malori, mahali zilipoishia samani za ofisi zilizofungwa, hoteli zilizobadilisha mapazia na watu waliokopa kuliko kimo chao. Mteja aliingia pale akitafuta kiti kimoja, akatoka na kabati la majalada, feni isiyo na panga na furaha ambayo mkewe nyumbani hangeielewa. Redio aliweza kuitazama meza ya miguu mitatu, akakohoa kidogo, akaitangaza kuwa ni meza ya pembeni, iliyotengenezwa maalumu kwa nyumba zenye kona. Mtu akilalamika kuwa jokofu haligandishi, alimuuliza ana haraka gani ya kuona barafu. Watu walicheka, na mtu anayecheka husahau kushusha mkono. Bosi wake alilijua hilo vizuri, akamlipa vizuri kidogo.

Sauti ilianza kukwaruza taratibu. Mwanzoni wenzake yadini walisema Redio imehama stesheni. Bosi akamletea asali. Mama mmoja mnunuzi wa vioo akamwambia anywe maji ya uvuguvugu na aache kusema uongo. Alikunywa maji. Alipofika hospitali kubwa, baada ya kuzungushwa kwenye zahanati tatu zilizompa dawa ileile ya kikohozi kwa majina tofauti, daktari alimwangalia kooni kwa muda mrefu kisha akafunga mlango kabla ya kusema. Redio aliuza vitu maisha yake yote. Alijua kwamba anayefunga mlango kabla ya kutaja bei, bei yake si nzuri.

Ilikuwa kansa. Walikitoa kisanduku cha sauti chote, wakamtoboa tundu chini ya shingo la kupumulia, kisha wakampiga mionzi mpaka ngozi ikawa kama ya viazi vilivyosahaulika jikoni.

Na haki ya watu isipotee: wakati wa ugonjwa hakukosa watu. Walimjia kwa zamu, wakiwa na mapapai, juisi na nyuso za msibani. Kaka yake mkubwa aliunda kamati. Huyu kaka alikuwa na kipaji cha kupita mahali na kukuta kiti cha mbele kiko wazi; ukoo mzima ulimwita Mwenyekiti, na hata mkewe, akikasirika, alimwita hivyo. Kamati ilikuwa na katibu, mweka hazina na mratibu wa vinywaji. Ilikutana kila wiki kujadili koo la Redio, na kila baada ya kikao wajumbe wote walikuwa wamenenepa isipokuwa Redio.

Kisha ikafika siku daktari alipomwambia, "Umepona. Hatuoni kitu. Endelea na maisha."

Mkewe alilia. Redio naye alilia, ila kimya, maana hata kulia kwa sauti kunahitaji koo. Mkewe alikuwa akifundisha watoto wa chekechea, na mtaani kote aliitwa Mwalimu. Mumewe naye alimwita hivyohivyo, tangu wakiwa wachumba. Mwalimu alituma habari njema kwa kila mtu kabla hawajafika getini.

Siku ile ndiyo wageni walipopona nao. Hakuna aliyerudi kumwona. Papai la mwisho lilioza juu ya jokofu, na kwa kuwa hewa haikupita tena puani, Redio hakugundua mpaka lilipoanza kutembea na nzi wake. Hilo hakuwa ameambiwa na mtu, kwamba pua nayo ingestaafu. Asubuhi moja alikaa jikoni akisoma gazeti huku maziwa yakiungua hatua mbili kutoka alipokaa. Aliyemshtua ni jirani aliyekuja na ndoo ya maji kuzima moto.

Akaenda kijiweni kwa rafiki zake, pale nje ya duka la vipuri ambako kwa miaka mingi walikaa kumsikiliza yeye. Walimpokea kwa vigelegele. Mmoja akainama mpaka sikioni kwake na kupaza sauti iliyosimamisha pikipiki barabarani:

"UNAENDELEAJE, NDUGU YANGU?"

Redio akatoa ubao mdogo mweupe aliopewa na mkewe, akaandika: *Nimetolewa koo, si masikio.*

Wakacheka sana, wakapigana mabega, wakasema Redio ni yuleyule. Halafu wakahamia kwenye mpira. Kila Redio alipopata neno la kuwachoma, alikuwa bado anaandika nusu yake wakati wao wamefika timu nyingine. Mzaha ulioandikwa hufika umepoa. Kisha akakohoa, na kwa kuwa kikohozi chake sasa kilitokea shingoni, alikifuta kwa kitambaa. Na yule aliyekuwa karibu naye zaidi akakumbuka kwamba jua limemfikia, akahamisha kiti. Kesho yake jua liliwafikia wawili. Redio akaacha kwenda.

Alimfuata Bosi yadini. Bosi alimkumbatia kwa tahadhari, kama mtu anayekumbatia televisheni, akamketisha, kisha akachukua kalamu na karatasi akaandika kwa herufi kubwa: *KARIBU SANA. UMEPENDEZA.*

Redio akaandika chini yake: *Nasikia. Wewe ongea tu.*

Bosi akaisoma, akatikisa kichwa kwa huruma, akaandika tena: *SAWA KABISA.* Kikao chote kikaenda hivyo, watu wawili wanaandikiana wakati mmoja wao ana mdomo mzima na mwingine ana masikio mazima. Redio aliomba kazi yoyote: kupanga mali, kukagua, kukaa getini. Bosi akaandika kwamba vumbi la yadi si zuri kwa tundu lake, kwamba angejisikia mkosaji maisha yake yote. Aliogopa sana kuwa mkosaji, ndiyo maana hakumpa hata kazi ya ofisini, ambako hakukuwa na vumbi. Mwisho akaandika: *TUTAKUPIGIA SIMU.*

Simu. Hilo ndilo neno lililomfuata Redio kila mahali kama mbwa asiye na mwenyewe. Kliniki ya koo na sauti ilikuwa imebandika tangazo dirishani: wagonjwa wote wanaombwa kupanga miadi kwa njia ya simu, ujumbe wa maandishi haupokelewi. Siku ya kwanza alipiga mwenyewe, kwa ukaidi tu. Mhudumu akaitika, akasikia pumzi zikikoroma upande wa pili, akasema, "Wewe kaka, hii ni hospitali, katafute wa kumhemea," akakata. Tangu hapo ikawa Mwalimu anapiga saa ya mapumziko, watoto arobaini wakilia nyuma yake, na mhudumu akiuliza kama mgonjwa ndiye anayelia.

Ofisi ya ustawi wa jamii walikwenda pamoja. Ofisa, binti mpole mwenye miwani, alimuuliza anaumwa nini.

"Alikuwa na kansa," Mwalimu akasema. "Amepona."

"Hongera sana. Sasa mfuko wetu ni wa wagonjwa."

"Basi labda mumsaidie kupata kazi."

Ofisa akamtazama Redio shingoni, akashusha macho. "Kwa hali yake, kazi zetu zinahitaji mtu mwenye afya kamili."

Redio akachukua ubao. Aliandika swali fupi: je, kuna dirisha la watu waliokwama katikati? Binti akalisoma, akatabasamu, akasema swali hilo ni zuri sana na angelipeleka juu. Labda alilipeleka. Juu kuna nafasi kubwa.

Nyumbani ubao ulikuwa wa mambo marefu tu. Maneno ya haraka aliyatamka bila sauti, kwa midomo mitupu, na Mwalimu akayasoma na kuyatoa kwa watu. Kazini kwake alikuwa bingwa wa kugeuza kilio kuwa sentensi yenye adabu, na mumewe hakumpa kazi ngumu kuliko watoto. Tatizo lilikuwa hiyo adabu. Siku Mwenyekiti alipopita kuchukua daftari la michango, akakaa kwenye kiti cha Redio na kueleza kwa kirefu jinsi kamati ilivyochoka, Redio alitamka maneno yaliyomhusu Mwenyekiti, tumbo lake na kikao cha mwisho.

"Anasema nini?" Mwenyekiti akauliza.

"Anasema asante kwa yote," Mwalimu akajibu.

Redio akamtolea mkewe macho, akatamka tena, taratibu, akiyabana maneno yote.

"Anasema asante sana."

Jamaa aliyeishi kwa ulimi sasa alikuwa na wakili asiyemtuma, na wakili huyo alimtetea mpaka akamfuta. Watu walianza kusema ugonjwa umemfanya Redio mtu mzuri. Yeye, ndani, alikuwa na mizaha imejaa mpaka darini, haina mlango wa kutokea.

Mlango ulikuwepo, kwa kweli. Daktari aliwahi kumwonyesha picha ya mashine ndogo kama tochi. Unaibana shingoni, unatikisa midomo, sauti inatoka. Si sauti nzuri, ni kama ya nyuki aliyesoma, lakini ni sauti. Redio akaulizia, akajua kwamba hela iliyobaki kwenye kamati ingeinunua. Akamwandikia kaka yake barua nzima, ya heshima, na kwa mara ya kwanza maishani hakutia mzaha hata mmoja.

Mwenyekiti alikuja mwenyewe kujibu.

"Mdogo wangu," akasema, "watu walichanga kwa ajili ya matibabu. Wewe umepona. Hiyo mashine ni anasa."

Redio akaandika: *Na iliyobaki?*

"Kamati imeamua tufanye sherehe ya shukrani. Watu walijitoa, lazima waone matunda. Tusipowashukuru, siku nyingine nani atachanga?"

*Siku nyingine gani?*

"Huwezi kujua," Mwenyekiti akasema kwa upole, akimpigapiga goti. "Huu ugonjwa una tabia ya kurudi."

Siku chache baadaye, kwenye benchi la kliniki, mwanamke mmoja mwenye mwili alimgusa Redio begani. Alivaa gauni la maua na kitambaa cha shingoni cha maua hayohayo, kimekazwa vizuri. Akafungua mdomo, na ndani yake kikatoka kitu kama mbweu ya mtu aliyeshiba, ila mbweu hiyo ilikuwa na maneno:

"Wewe. Ndiye wa mwisho. Kwenye foleni?"

Redio akamtazama mdomoni, kisha mikononi kutafuta mashine. Hakuna. Mwanamke akacheka bila sauti, mabega yakirukaruka, akavuta kitambaa chini kidogo na kumwonyesha tundu lake.

Alikuwa na duka la mapazia, na watu walimwita Mama Mapazia. Alikatwa koo miaka mingi kabla ya Redio. Kwa mbweu fupifupi, akipumzika kati ya moja na nyingine, alimweleza kwamba mtu anaweza kumeza hewa na kuirudisha kabla haijafika tumboni, na hewa hiyo, ukiibana vizuri, inasema. Pale hospitali kulikuwa na chumba cha mwalimu wa kazi hiyo. Akamwonyesha mlango. Ulikuwa na kufuli, na juu ya kufuli kibandiko kilichosema: *Tunza sauti yako.*

"Njoo dukani," akasema. "Njoo na soda. Gesi yake. Inasaidia."

Duka lake lilikuwa safi kuliko chumba cha upasuaji. Hakutaka unyuzi hata mmoja hewani, kwa ajili ya shingo yake. Alimkalisha Redio kati ya mabunda ya vitambaa, akamfundisha bila huruma yoyote.

"Usimeze. Kama dawa. Iibe."

Redio akaiba hewa. Ikamponyoka, ikaenda tumboni, akakaa amevimba mchana kutwa. Siku ya pili ikatoka yote kwa mkupuo, bila neno ndani yake, wakati mteja anachagua pazia la sebuleni. Mteja akamtazama. Mama Mapazia akamwambia mteja, "Anajifunza. Kusoma," kana kwamba hilo linaeleza jambo. Kwa wiki nyingi Redio alikuwa na silabi moja tu, *pa*, na aliitoa mahali pasipotakiwa. Akamuuliza Mama Mapazia kwa ubao neno lake la kwanza lilikuwa lipi.

"Toka," akasema. "Nilimwambia. Shemeji yangu."

Kwa mkewe hakusema lolote. Alitaka ajue siku ambayo sentensi imekamilika. Mwalimu alichokiona ni mume anayebeua asubuhi, mchana na jioni. Akabadilisha mafuta ya kupikia. Akamnunulia dawa ya tumbo. Mwisho akamwambia, akiwa anakunja nguo, bila kumtazama, "Unajua hata mimi nimechoka, sivyo? Kama chakula changu hakikufai, sema." Kisha akakumbuka alilolisema, akaenda kukunja nguo chumba kingine. Redio alisimama mlangoni na silabi zake tatu, hakuna hata moja iliyofaa.

Ukumbi wa sherehe ulikuwa na viti vilivyovishwa satini na kufungwa riboni mgongoni, kama vimeshinda kitu. Ukutani ilitundikwa picha kubwa ya Redio, iliyopigwa yadini zamani, mdomo wazi mpaka kimio kinaonekana. Wajumbe wote wa kamati walivaa fulana zilizoandikwa REDIO AMEPONA. Yeye mwenyewe hakupata fulana, ziliisha. Bosi alikuwa ametoa mchango wake kwa kumleta mpiga mnada mpya awe mshereheshaji bila malipo. Huyu alikuwa bwana mwenye sauti nene asiye na mzaha, aliyemtangaza kila mgeni kama kabati la nguo.

Hotuba zilifuatana. Aliyeleta mapapai alisimulia mapapai. Binamu mmoja aliyewahi kumpeleka Redio hospitali kwa gari lake alieleza mkutano alioukosa siku ile, watu gani walikuwepo mkutanoni, na faida ambayo huenda angeipata. Mweka hazina alishukuru kwa kuaminiwa. Bosi akasema Redio hakuwa mfanyakazi kwake, alikuwa mwanafamilia, na wengi wakaguswa. Redio pekee alikumbuka kwamba mwanafamilia hana kiinua mgongo. Kila msemaji alimaliza kwa kumwambia ashukuru. Yeye alikaa mbele, chini ya mdomo wake mwenyewe, akitikisa kichwa kila alipotajwa. Mama Mapazia, mgeni pekee aliyealikwa na Redio, alikaa nyuma kabisa, akila kwa utulivu mkubwa.

Katikati ya ukumbi kulikuwa na keki ya ghorofa tatu, juu yake kipaza sauti cha sukari.

"Na sasa," Mwenyekiti akasema, "mdogo wangu ana neno la shukrani. Shemeji atatusomea midomo yake. Karibu, shemeji."

Mwalimu alisimama, amevaa gauni jipya, amechoka machoni. Alipokea kipaza sauti. Redio akanyoosha mkono, akakichukua kutoka kwake, polepole, akakiweka mdomoni. Watu wakanong'ona, wengine walidhani dawa zimempanda kichwani.

Akaiba hewa. Ilitoka mbweu tupu, kubwa, na vipaza sauti vya ukumbi vikaitawanya mpaka uani.

"Ameshiba, masikini," shangazi mmoja akasema kwa upendo.

Akaiba tena.

"Hii keki."

Mwalimu alishika ukingo wa meza.

"Ndiyo. Mashine yangu. Ya kuongea."

Alipumzika, jasho likimtoka, akatafuta hewa nyingine.

"Tangu nipone. Hamjaja. Kuniona. Hata mmoja."

Hewa ikamwishia hapo. Alikuwa na mengine, alikuwa na ya Bosi na ya binamu, na moja zuri sana kuhusu satini, lakini mwili ulikataa. Akabaki amesimama, akihema kwa shingo.

Mwenyekiti alicheka kicheko cha kikao. "Haya, hatukumpata vizuri. Shemeji, hebu tutafsirie."

Wote wakamgeukia Mwalimu, wakisubiri asali yao. Yeye hakuwa akiwatazama. Alikuwa anamtazama mumewe mdomoni, kama mtu aliyesikia nyumbani mwake mlango ukifunguliwa na mtu mwenye ufunguo. Akachukua kipaza sauti.

"Amesema hii keki ndiyo mashine yake ya kuongea," akasema. "Na kwamba tangu apone hamjaja kumwona hata mmoja. Hakuna kingine alichosema. Nami nadhani mlimsikia."

Kule nyuma kabisa mtu mmoja aliendelea kutafuna. Kisha mshereheshaji akafanya alichojua. "Makofi kwa Redio," akanguruma, na watu wakapiga makofi, kwanza kwa aibu, halafu kwa nguvu, maana makofi humaliza mambo. Muziki ukawekwa. Keki ikakatwa. Haikurudishwa dukani, na haikubaki.

Kikao kilikaa wiki ileile. Kiliafikiana kwamba maneno ya Redio yalitokana na mionzi, kwamba kamati imeumia, na kwamba anatakiwa kuomba radhi kwa kila mjumbe. Redio akatuma jibu kwamba amekubali kabisa, atawapigia simu. Baadaye ikaundwa kamati nyingine, ndogo, ya kutafuta mashine. Ina mwenyekiti yuleyule. Bado inakutana.

Wengi walinuna. Mmoja hakununa. Yule wa kijiweni aliyewahi kumpigia kelele sikioni alikuja Jumamosi moja, mikono mitupu, hana hata papai. Akakaa. Wakatazama mpira hadi mwisho, Redio akakohoa mara kadhaa, jamaa akampa kitambaa kilichokuwa karibu yake bila kugeuza macho kutoka kwenye runinga. Jumamosi iliyofuata akaja tena. Alikuwa anapiga kelele bado, lakini kwa mwamuzi.

Kazi ya kweli haikupatikana. Mama Mapazia humchukua siku za kutundika mapazia kwenye nyumba kubwa, kwa kuwa ana urefu na ana jicho, naye humlipa siku hiyohiyo na kumgombeza siku hiyohiyo. Wakati mwingine huenda wawili hao wodini kuwaona watu wanaosubiri kukatwa koo, ili waone kwamba upande wa pili kuna watu, na watu hao wanabeua lakini wanaeleweka. Hospitali iliwapenda sana. Iliwapa vitambulisho vya kujitolea vyenye picha, kisha ikagundua kwamba nafasi ya mwalimu wa sauti haina haja tena ya kujazwa. Suala la miadi walilipigania pia: walikwenda wagonjwa watano, wakakaa mbele ya dirisha la mhudumu na kumsemesha wote kwa pamoja, kila mtu kwa mtindo wake, mpaka akaomba msamaha na kuleta daftari la kuandikisha kwa mkono. Tangazo jipya likabandikwa. Linasema wagonjwa wa koo sasa wanaweza kujiandikisha dirishani, na kwa maelezo zaidi wapige simu.

Alasiri moja Redio alirudi kutoka wodini amechoka, akamkuta Mwalimu amepanda juu ya kiti, amemaliza kutundika pazia la chumbani, kipande kizuri walichopewa na Mama Mapazia kwa bei ya urafiki. Alikuwa anajivunia. Redio alisimama, akainamisha kichwa upande, akaiba hewa.

"Limepinda."

"Halijapinda."

"Limepinda. Kushoto."

"Wewe ndiye umesimama vibaya. Miaka yote uliuza vitanda vilivyopinda, leo umekuwa na jicho?"

"Kitanda. Niliuza. Hili. Nalitazama. Kitandani."

"Basi geuza kichwa ukilala. Na ukome kunibeulia, nimefundisha kutwa nzima, nimerudi, nimepanda kiti, na hakuna aliyenishikia."

"Hukuita."

"Ningeitaje wakati wewe hujibu..." Alishuka kwenye kiti, akaketi juu yake, akaanza kucheka. Halafu kicheko kikawa kitu kingine, akajifuta uso kwa ncha ya pazia jipya.

Redio akasogea, akamwekea mkono mgongoni.

"Mwaka mzima," Mwalimu akasema. "Nauliza mwenyewe, najibu mwenyewe, nanuna mwenyewe, najibembeleza mwenyewe. Hujui inavyochosha kugombana peke yako."

Redio alitaka kusema kwamba anajua, kwamba yeye pia aligombana peke yake, na zaidi yake. Lilikuwa jambo refu, lingehitaji soda. Akaiba hewa iliyokuwepo.

"Pole," akasema. Akalitazama dirisha. "Lakini. Limepinda."